Kazi Nyepesi ya Msibani

Mimi sijawahi kuwa mtu wa kukaa chumbani. Naomba hilo lieleweke mapema, maana hapa Ihembe kuna watu wanaosema Placidius amebadilika, amekuwa mtu wa kujisikia, anaongea na wenzake kupitia dirishani kama karani wa posta. Miaka ishirini na sita nilikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi. Hakuna mkulima wa kata hii ambaye hajasimama mbele ya mzani wangu, na karibu kila mmoja nimegombana naye, tukapatana, tukanywa rubisi ya ndizi tukasahau. Mtu wa namna hiyo ukimfungia kwenye chumba cha hatua tano kwa nne, umemuua nusu.

Lakini ndimo nilimo. Mapafu niliyozaliwa nayo yaligeuka makovu matupu, na madaktari hawakujua sababu. Nilifika mahali pa kuhema kwa kuvaa shati tu. Binti yangu Sperancia, anayefanya kazi Dar, alihangaika mpaka nikapelekwa India, nikapandikizwa mapafu ya mtu aliyefariki. Sikuambiwa ni nani. Namwombea kila siku bila kumjua jina.

Niliporudi, Sperancia alinijengea chumba hiki upande wa pili wa ua, mbali na moshi wa jiko na mbali na kuku. Sakafu ni vigae, madirisha yana wavu. Mke wangu Xaveria alibaki kulala nyumba kubwa. Yeye ndiye anayepika kwa kuni, anayekwenda kanisani, sokoni na kwa majirani, na hofu yetu ya kuniletea ugonjwa ndiyo iliyotutenganisha. Miaka thelathini na moja ya ndoa, halafu mkeo anakuletea ndizi amevaa barakoa, anakaa kwenye kiti cha mlangoni dakika kumi, anaondoka! Akiwa na mafua haingii kabisa, sahani anaiacha kizingitini. Sikumlaumu, lakini niliumia.

Kazi yangu ikawa ni kujitunza. Kila asubuhi napuliza kidude fulani kinachopima nguvu ya pumzi, kinatoa namba, naiandika kwenye daftari. Namba yangu nzuri ilikuwa mbili nukta nne. Sista Vero, muuguzi wa kliniki yangu ya Dar, alinifundisha hayo kama mtoto wa darasa la kwanza. Namba ikishuka siku mbili mfululizo, ukipata homa, ukikohoa, ukihema kwa shida, piga simu siku hiyo hiyo, usisubiri na usijitibu. Dawa saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, bila kukosa, kwa sababu kazi yake ni kuulaza mwili usigundue kwamba umebeba mapafu ya mgeni. Na mwili ukilala hivyo, kila kijidudu kinapita bila kuulizwa. Ndiyo maana nilikatazwa mikusanyiko, moshi, vumbi na kitu chochote kilichooza.

Sasa, dawa hizo zinanenepesha uso. Mimi niliyekuwa na mashavu ya kubonyea, nikawa nayo ya duara, yanang'aa. Mtu akinipitia kibanjani natembea taratibu chini ya migomba yangu, ananiona nimenawiri. Mgonjwa gani huyo? Na nikimwona anakuja, napandisha barakoa puani na kurudi nyuma hatua mbili. Jamani, ungekuwa wewe, ungeniona mtu wa namna gani?

Aliyenielewa alikuwa mmoja tu, Elick, jirani yangu wa tangu utoto. Kila jioni alikuja, akakaa kwenye jiwe nje ya dirisha langu, akaanza uchokozi.

"Ta Placidius, hebu pumua Kihindi kidogo tusikie."

"Toka hapa. Umetoka kunywa."

"Nimetoka kunywa fungu lako. Wewe si umekatazwa? Ilibidi mtu alinywe."

Alinipa habari zote za kijiji: nani kauza shamba, nani kakimbiwa na mke, mbuzi wa nani kala maharage ya nani. Alikaa mpaka giza likaanza kuingia, akaondoka. Siku nzima mimi nilikuwa nasubiri saa hiyo moja.

Kisha ikaja barua ya chama cha kuzikana. Kwetu huku chama hicho si mchezo. Mtu akifa, kila nyumba inatoa mtu wa kuchimba kaburi, wa kuleta kuni na maji, wa kukaa na wafiwa. Usipokwenda kwa wenzako, kwako hawaji. Nimewahi kumwona mzee mmoja wa kijiji cha jirani anazikwa na wanawe wawili na shemeji, wanachimba huku wanalia, na watu wamesimama barabarani wameweka mikono nyuma, wanaangalia. Picha hiyo haijanitoka mpaka leo. Barua iliandikwa na katibu, Egbert, kwa mwandiko wake ule wa kujivunia. Ilisema nyumba yangu imekosa mazishi matano, kwamba mke hawezi kusimama badala ya mume aliye hai na anayetembea, na kwamba nikikosa ya sita, nimejitoa mwenyewe.

"Waandikie kwamba unaumwa," Xaveria aliniambia.

"Wanajua naumwa."

"Wanajua ulikwenda India ukapona. Hujawahi kukaa chini ukawaeleza. Unawakoromea tu kupitia dirishani."

Alisema kweli, na mimi kuambiwa kweli na mke wangu ni kitu kinachonipandisha hasira. Nikamwambia siwezi kupita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya kuishi. Alichukua sahani, akatoka. Wanawake walikuwa wameacha kumwita kwenye shughuli zao. Hakuniambia. Niliambiwa na Elick.

Elick akafa mwezi wa kumi na moja, presha, asubuhi, akiwa anafunga kamba ya mbuzi. Loo! Nilisikia vilio kutoka kwake nikiwa napuliza kidude changu, nikajua kabla ya kuambiwa. Nilikaa kitandani. Mtu pekee aliyekuwa anakuja kwangu. Nikikosa mazishi yake, nimekosa kila kitu.

Sikuomba ushauri. Nilivaa suti yangu ya kanisani, nikashika njia. Barakoa niliivaa mpaka kwenye mgomba wa mwisho wa kibanja changu, hapo nikaivua nikaitia mfukoni. Nilimwona Xaveria amesimama uani kwa Elick na beseni mikononi. Aliniona uso mtupu, akalitua beseni chini.

Watu waligeuka nilipoingia. Kisha Ma Kokubanza, mwenyekiti wa chama, mama wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, akanijia akanishika mikono yote miwili. "Waitu, Ta Placidius! Umekuja!" Na wengine wakaja. Mikono, mikono, mikono. Miaka miwili nilikuwa sijaguswa na mtu asiye daktari au mke wangu. Machozi yalinitoka, na nasema wazi, si yote yalikuwa ya Elick.

Nilitaka kuchimba. Vijana wakanicheka kwa upole, wakaninyang'anya jembe. "Nipeni kazi basi," nikasema, "sikuja kutazama." Ma Kokubanza akaniangalia vile ninavyohema, akanionea huruma. Akanipeleka kwenye lundo la nyasi nyuma ya nyumba, zile Elick alizokuwa amekata za kutandaza kibanjani, zikanyeshewa wiki mbili. Zilitakiwa kukung'utwa na kutandikwa sebuleni, wafiwa walalie, kama desturi yetu ilivyo.

"Hii ni kazi nyepesi," akasema. "Hata ukikaa utaifanya."

Nikakaa. Nikachukua fungu, nikakung'uta, nikachukua lingine. Katikati ya lundo nyasi zilikuwa na joto na zimeshika ukungu wa kijivu, na kila nikikung'uta ulipanda moshi mwembamba usoni kwangu. Niliuona. Siwezi kusema sikuuona. Lakini pembeni yangu walikuwa wameketi wazee wanne wananisimulia yaliyotokea kijijini wakati sipo, mmoja akanipa buni za kutafuna kutoka kiganjani mwake, mwingine akaniuliza kama mapafu yangu yanataka pilipili. Tulicheka msibani, tukakemewa. Ningeinukaje pale? Nilikung'uta lundo lote. Siku hiyo nilikuwa na furaha, na aibu ya kuwa na furaha Elick akiwa ndani ya sanduku.

Wiki ya pili namba ikawa mbili nukta mbili. Kesho yake mbili nukta moja.

Nilijua la kufanya. Namba ya Sista Vero nimeibandika ukutani. Lakini nikipiga, atauliza ulikuwa wapi, na nikisema msibani, nitaambiwa usirudie. Na ndiyo kwanza watu walikuwa wameanza kunisalimia! Egbert mwenyewe alikuwa amesimama barabarani akaniinulia kofia. Nikajiambia hii naijua. Mwaka wa kwanza ilinitokea vile vile. Namba ilishuka, madaktari wakasema mwili umeanza kuyakataa mapafu, wakanitundikia dripu ya steroidi, dawa kali ya kuulaza mwili, siku tatu, nikapona. Basi vidonge vya steroidi si ninavyo hapa? Nikawa nameza mara mbili ya kipimo. Mpima kahawa akajifanya daktari.

Siku tatu za kwanza nilijiona nina nguvu. Nikaandika kwenye daftari mbili nukta nne, uongo, kwa mkono wangu mwenyewe, mimi ambaye sikuwahi kumwibia mkulima hata robo kilo. Sista Vero alipopiga simu ya kawaida ya mwisho wa mwezi nikamwambia niko vizuri sana. Kisha nikaanza kukohoa. Nikikohoa nilibana mto mdomoni Xaveria asisikie. Siku moja kikatoka kitu cha rangi ya kahawia chenye damu kidogo.

Xaveria alikuwa amesikia tangu kikohozi cha kwanza. Aliingia bila kubisha, akasimama katikati ya chumba, akaniambia, "Puliza."

"Nimeshapuliza asubuhi."

"Puliza nikuone."

Nikapuliza. Moja nukta sita. Akachukua daftari akasoma namba zangu nzuri nzuri, ukurasa mzima. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Baba Sperancia," akasema, "mimi nalala peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vitano ili wewe uishi. Wewe unaandika uongo?"

Akaibandua namba ukutani, akapiga simu mwenyewe.

Kesho yake gari likanipeleka Bukoba, nikapanda ndege kwenda Dar. Waliniingiza mpira wenye kamera kooni mpaka mapafuni, wakatoa majimaji ya kupima. Daktari, kijana mwenye umri wa Sperancia, alikaa kando ya kitanda akanieleza polepole. Mwili kuyakataa mapafu na mapafu kushikwa na maambukizi ni magonjwa mawili yenye sura moja. Yote yanashusha namba, yote yanakohoza na kukata pumzi. Lakini tiba zake zinapingana. Moja unaulaza mwili zaidi, jingine unauamsha kidogo upigane. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, hata yeye hawezi, lazima kupima.

"Wewe una kuvu mapafuni," akasema. "Umeshika kitu chochote chenye ukungu? Majani, mbolea, nyasi?"

Nikamwambia.

"Na ulipoongeza steroidi, mzee wangu, ukaifungulia mlango."

Nililazwa wiki sita. Dawa ya kuvu iligombana na zile za kuulaza mwili, ikabidi zile zipunguzwe na damu ipimwe karibu kila siku. Chumba cha peke yangu, dirisha linatazama ukuta. Sperancia alikuja kila jioni akitoka kazini, anaongea nami akiwa amejifunika kama mtu anayerina asali. Nilikuwa nalala nikimwaza Elick, na Xaveria kwenye vyumba vyake vitano.

Siku ya kuruhusiwa namba yangu ilikuwa moja nukta saba. Nikamuuliza daktari itapanda lini. Akasema haitapanda. Kilichopotea hakirudi, kazi yetu sasa ni kulinda kilichobaki. "Ukipata tena kitu kama hiki," akasema, "sina hakika nitakuwa na cha kukupa." Hakuzunguka, na nilimheshimu kwa hilo.

Nilirudi nyumbani Alhamisi. Jumamosi walikuja.

Nilisikia sauti kabla sijawaona. Nikachungulia. Watu zaidi ya thelathini walikuwa wanaingia uani, mikungu ya ndizi vichwani, sukari, maziwa, kuku amefungwa miguu, na Ma Kokubanza mbele. Kwa nini wasije? Nilikung'uta nyasi za Elick, nilikuwa wao tena, na mtu wenu akiumwa mnakwenda, mnaingia ndani, mnamshika mkono mmoja mmoja, mnasimama kuzunguka kitanda mkasali. Nilimwona Egbert anapenga kamasi kwenye leso. Mama mmoja alikuwa anakohoa. Xaveria alikuwa anakimbia huku na huku kutafuta viti, amevaa kitenge kipya, na uso wake sikuwa nimeuona ukichangamka hivyo tangu niugue. Wanawake walikuwa wanamkumbatia. Mungu wangu, nilitamani kuwaacha waingie wote, yatakayokuwa yawe.

Nilivaa barakoa, nikafungua mlango, nikasimama kizingitini, nikainua mkono.

"Naomba msije karibu zaidi ya hapo."

Wakasimama. Kuku tu ndiye aliyeendelea kulia.

"Kwa hiyo sisi ni uchafu?" Egbert akasema. "Juzi msibani hukuwa na hiyo kitu usoni."

"Juzi ndiyo iliyoniua nusu," nikasema. Na kwa mara ya kwanza nikawaeleza yote, taratibu, nikipumzika kila baada ya maneno machache. Kwamba haya mapafu ni ya mgeni. Kwamba mwili wangu nimeulaza kwa dawa, na mafua ya mtu mwingine kwangu ni jeneza. Kwamba mashavu haya ni dawa, si afya. Nikawaambia habari za kuvu, imetoka wapi, imekula kiasi gani, na daktari alisema nini.

Ma Kokubanza aliweka chini mkungu wake. "Mimi ndiye niliyekupa zile nyasi."

"Ulinipa kazi nyepesi, Ma. Ulinionea huruma. Mimi ndiye niliyejua na sikusema."

Alijifuta uso kwa kanga, akageukia watu wake. Mama yule hajui kulia muda mrefu, anajua kuendesha kikao. Pale pale uani, hatua kumi kutoka kwangu, akaanza kupanga. Ta Placidius aondolewe kwenye zamu zote. Mama Sperancia asimame badala yake, na nyumba ihesabiwe imehudhuria. Mtu yeyote asije kumtembelea hapa, si mzima, si mgonjwa, si siku ya Krismasi, mwenye salamu amkabidhi mkewe njiani. Kila alipotaja jambo watu waliitikia, na niliona nyuso zao zinalegea, wamefurahi kupata kitu cha kunifanyia.

Egbert akauliza, "Na siku yake yeye ikifika?"

Wote wakaniangalia.

"Nikifa njooni," nikasema. "Hapo hamna cha kuniambukiza. Lakini nikiwa hai msije."

Wakanyoosha mikono, wote, hakuna aliyebaki. Egbert akaandika. Wakaacha mikungu na sukari kando ya njia, wakasali wakiwa mbali, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, Xaveria katikati yao akiwasindikiza, anacheka na wenzake. Ma Kokubanza alikuwa wa mwisho. Alifika kwenye migomba akageuka, akaniita kwa ile sauti yake kubwa, kwa upendo wote alionao.

"Usiwe na wasiwasi, Ta Placidius! Siku hiyo tutakuja wote! Tutajaa huu ua mpaka barabarani!"

Nikamshukuru, nikamwambia asante sana, Ma. Nikafunga mlango, nikakaa kitandani, nikalia mpaka pumzi ikanikatika.